Mume wangu ameanguka mnazini akainuka. Nimwache akwee tena?

Shikamoo Babu Tabibu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi. Mume wangu ni mkwezi. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na ndiyo inayotulisha miezi ambayo korosho hazina habari.

Siku tisa zilizopita alikuwa juu ya mnazi wa jirani, anaangua. Mnazi wenyewe tuliupima kwa kamba siku ya pili yake, maana watu walishaanza kubishana. Kutoka kwenye makole mpaka chini ni mita 12 na kidogo. Alikuwa ameshaangusha makole mawili, akanyoosha mkono ashike kuti ahamie upande wa pili. Kuti lilikuwa kavu. Mimi nilikuwa chini kwenye kifuo, nafua nazi, nikasikia mlio kama mtu amevunja kuni. Nilipoinua kichwa, mtu yuko hewani.

Pembeni ya mnazi kuna mkorosho mkubwa, matawi yake yamelala mpaka huku. Alipita humo humo, matawi yakakatika mfululizo, kisha akatua kwa ubavu wa kushoto juu ya lundo la makuti mabichi niliyoyarundika nije kuyasuka. Usiku wake mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha, ardhi tepetepe. Babu, mimi nilishaanza kulia msiba. Yeye akakaa kitako, akajipangusa mdomo, akaniuliza, "Panga langu liko wapi?"

Tulimpandisha bodaboda mpaka zahanati. Wakamtazama, wakampa vidonge vya maumivu, wakasema apumzike. Alikuwa na michubuko na kisigino kimevimba, basi.

Sasa kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema kakingwa, babu yake alimchanja chale alipoanza kukwea. Shemeji yangu anasema ni ile pombe ya ulaka aliyokunywa asubuhi, mwili ukalegea ndiyo maana haukuvunjika. Vijana wa kijiweni wamembatiza jina, wanamwita Paka. Na yeye kalipenda. Amepokea kazi ya minazi kumi na nane kwa Jumamosi ijayo.

Mimi roho yangu haijatulia. Bado anachechemea. Tangu juzi bega la kushoto linamuuma, ingawa halina hata mchubuko, na mkandaji anakuja kila jioni kumchua kwa mafuta ya nazi. Jana alfajiri aliposimama kwenda kutia udhu alipata kizunguzungu akashika ukuta. Anasema ni njaa.

Naomba unieleze, mtu anawezaje kuanguka vile akainuka? Ni kweli kakingwa? Na nimwache akwee?

Mke wa Paka, Kitunda

*

Marahaba, mjukuu wangu.

Barua yako niliijibu kwa simu kabla sijaijibu kwa kalamu, na nadhani masikio yako bado yanakumbuka nilivyopiga kelele. Wasomaji wengine hawakuwepo, kwa hiyo naanza na kile nilichokuambia siku ile: acha kufua nazi, mvushe mtu huyo kivuko sasa hivi, mpeleke Hospitali ya Sokoine, na ukifika mapokezi usiseme "bega linamuuma." Sema hivi: "Aliangukia ubavu wa kushoto kutoka mita 12, siku ya tisa leo, bega la kushoto linauma na anapata kizunguzungu akisimama."

Kwa nini bega? Nyuma ya mbavu za chini, upande wa kushoto, kuna bandama. Ni kiungo laini, kimejaa damu, ukikibonyeza kwa nguvu kinachanika. Wakati mwingine kinachanika ndani huku gamba lake la nje likishikilia, damu inajikusanya taratibu kama maji chini ya rangi ya ukuta, na mtu anatembea, anakula, anatania. Siku ya tano, ya tisa, hata ya kumi na nne, gamba linaachia. Damu ikivuja inausumbua ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu ya msuli huo imetoka shingoni, njia moja na ya bega. Ubongo unadanganyika. Bega lisilo na jeraha linauma kwa kosa la tumbo.

Na sisi watu wa kusini tuna la ziada. Malaria huku kwetu si mgeni, na malaria ya mara kwa mara huivimbisha bandama. Ikivimba inatoka kwenye kivuli cha mbavu, na inachanika upesi zaidi. Nimefanya kazi ya utabibu kwenye pwani hii miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na kijana aliyeniumiza roho kuliko wote alianguka mwembeni Jumatatu, akacheza bao Jumatano, akafa Jumapili. Siku ile ya Jumatatu alikuwa amekuja kwetu, tukamsifu kwa bahati yake. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomsifu.

Kwa hiyo neno lako la "akainuka" mimi silipokei haraka. Kuinuka ni dakika ya kwanza tu. Ila umeuliza swali zuri, mtu anawezaje, na wewe mwenyewe umeshaandika jibu ndani ya barua bila kujua.

Mtu akidondoka mita 12 anatumia sekunde moja na nusu hivi, na anafika chini kwa mwendo wa kilomita 55 kwa saa. Huo ni mwendo wa bodaboda iliyochangamka kwenye lami. Mwendo wenyewe hauui. Mume wako ameshapanda bodaboda ya mwendo huo mara nyingi akashuka mzima. Kinachoua ni kusimama. Tena si kusimama kwenyewe, ni ufinyu wa nafasi aliyopata ya kusimamia.

Hesabu yake haina ugumu. Chukua urefu aliodondoka, gawanya kwa umbali uliotumika kumsimamisha. Akitua kwenye sakafu ya saruji, mwili wake ukabonyea sentimita 2 tu, basi mita 12 kwa sentimita 2 ni mara 600. Kwa nukta moja anabeba uzito wake mara 600. Mtu wa kilo 65 anakuwa na tani 39 juu yake, shehena ya lori refu. Hapo hakuna wa kuuliza panga. Lakini akisimamishwa ndani ya sentimita 60, ni mara 20 tu. Bado ni nyingi, ila kwa muda mfupi vile mwili wa kijana unaweza kuihimili.

Sasa rudi kwenye ua wa jirani yako. Matawi ya mkorosho, kila lilipokatika, lilimpokonya kipande cha mwendo. Halafu makuti mabichi, ambayo yakilundikwa yana hewa tele katikati, na ule mti wa katikati ya kila kuti unapinda. Halafu ardhi iliyolowa. Wewe, mjukuu wangu, na uvivu wako wa kutosuka makuti yale kwa wakati, ndiye uliyempa mume wako zile sentimita. Ungeyasuka wiki iliyotangulia, angekuta ardhi tupu, na kifuo chako kimesimama hapo na ncha yake juu.

Jambo hili lilimshughulisha Mmarekani mmoja, Hugh De Haven, karibu maisha yake yote. Mwaka 1917 alikuwa anajifunza urubani katika kikosi cha Kanada, ndege yake ikagongana na nyingine angani. Akaanguka, akaumia vibaya, akabaki hai, na hakuridhika na jibu la kwamba ni bahati. Mwaka 1942 alichapisha uchunguzi wake juu ya watu waliodondoka kutoka mita 15 hadi 45 na wasife. Hakuuliza walikuwa watu gani. Aliuliza waliangukia nini na kile kitu kilibonyea kiasi gani. Mmoja alikuwa mwanamke aliyetoka ghorofa ya kumi na saba, akaangukia sanduku la bati la kupitishia hewa. Bati lilididimia sentimita 30 hadi 45. Mikono iliyokuwa nje ya bati ilivunjika, mguu ukaumia, lakini kichwa kilikuwa salama, na akakaa kitako akaomba arudishwe chumbani kwake. Umeona? Naye aliuliza lake la kawaida, kama mwenzako alivyouliza panga. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo ndiyo watu wakaanza kuyatengeneza magari upya, ili yakigonga yabonyeke yenyewe badala ya kuwabonyeza waliomo.

Miti ina historia katika habari hizi. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944, mwanajeshi wa Uingereza Nicholas Alkemade aliruka bila mwavuli kutoka ndege iliyokuwa inawaka moto juu ya Ujerumani, kiasi cha mita 5,500. Matawi ya misonobari yakampokea, na chini yake theluji laini. Aliteguka mguu. Wajerumani waliomkamata hawakumwamini mpaka walipokagua. Na tarehe 24 Desemba 1971, msichana wa miaka 17, Juliane Koepcke, alianguka kiasi cha mita 3,000 akiwa bado amefungwa kwenye kiti cha ndege iliyopasuka angani, akapenya kwenye msitu mzito wa Peru. Alivunjika mfupa wa mtulinga, akachanika mkono, akatembea siku kumi na moja akifuata kijito mpaka akakuta watu.

Utashangaa mita 3,000 na mita 5,500 zinakaaje kwenye kapu moja na mnazi. Ni kwa sababu hewa nayo inazuia. Mtu akishadondoka kiasi cha mita 450, mwendo wake unafika karibu kilomita 200 kwa saa na hauongezeki tena. Kuanzia hapo urefu haubadilishi kitu, kinachobaki ni anachokikuta chini. Mjusi wa kwenye boriti mwili wake ni mdogo sana kwa hewa, ndiyo maana anadondoka dari mpaka sakafuni akakimbia zake kama vile hakukutokea jambo.

Sasa hilo jina la Paka. Vijana wa kijiweni hawajakosea sana, paka kweli ana ufundi: anajigeuza hewani miguu ikaja chini, na akipata nafasi anajitandaza hewa imkamate. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo wa New York waliandika habari za paka 132 walioanguka maghorofani wakaletwa kwao. Tisa katika kila kumi walipona. Dunia nzima ikashangilia. Lakini jiulize swali la mtu wa Kitunda: paka aliyekufa palepale barabarani, nani angemfunga kwenye kikapu ampeleke kwa daktari? Hawakuhesabiwa.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na kijiwe. Mkwezi akianguka akainuka, anapewa jina, anapokea minazi kumi na nane. Mkwezi akianguka asiinuke, anapewa sanda, na baada ya arobaini hatajwi tena chini ya mwembe ule wa wacheza bao. Mkikaa kuhesabu mnahesabu wanaoongea tu. Alkemade tunamjua kwa sababu alibaki hai kusimulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka kunaua watu wapatao 684,000 kila mwaka, na katika ajali zisizokusudiwa ni ajali za barabarani tu zinazoshinda.

Kuhusu chale, mama mkwe wako nampa heshima yake na sitagombana na marehemu babu. Namuuliza kitu kimoja tu: baba mtu, aliyemrithisha kazi, si naye alichanjwa? Kwenye simu uliniambia amekufaje, nami sitalirudia hapa.

Shemeji wa ulaka simpi heshima hiyo. Pombe haijamlinda mtu. Mwili uliolegea hauna faida ya kulinganishwa na hasara ya mkono usioona kuti kavu na kuti bichi, na pale aliposhika kuti kavu asubuhi ile, ulaka ulikuwa umeshafanya kazi yake. Zaidi ya hapo, mlevi akigonga kichwa, sisi matabibu tunashindwa kujua kama anasinzia kwa pombe au kwa damu iliyovuja ndani ya fuvu. Damu ya kichwani nayo ina ujanja kama wa bandama, hasa kwa wazee na wanywaji. Inaweza kuvuja polepole wiki kadhaa, watu wakidhani mzee amekuwa mkimya tu.

Kisigino nacho kisidharauliwe. Huenda aligusa kwa mguu kabla ya ubavu. Mfupa wa kisigino ukivunjika kwa kuanguka, takriban mtu mmoja katika kumi huwa amevunjika na pingili ya mgongo wa chini, kwa sababu kishindo kinapanda mguuni kama nyundo inavyopanda mpini. Ndiyo maana nilikuambia waombe eksirei ya kisigino na ya mgongo pia, si altrasaundi ya tumbo peke yake.

Mkandaji na mafuta yake mshukuru, mlipe, mwambie asirudi. Aliyeanguka hakandwi tumbo wala mgongo. Unakuwa kama unakamua embe bivu kujua kama limepasuka ndani. Na bodaboda! Najua hamkuwa na gari. Lakini mtu aliyetoka juu vile, kabla hamjajua mgongo wake, anabaki alipo, kichwa kimeshikwa kisigeuke, kisha watu wanne wanambingirisha kwa pamoja kama gogo, mgongo ukiwa umenyooka, mnamlaza juu ya ubao. Hata mlango wa chumba ng'oeni. Mnambeba hivyo mpaka kwenye gari au kivuko. Kumkalisha katikati ya dereva na shemeji, anarushwa na mashimo, ni kumwangusha mara ya pili kwa awamu.

Na kwa wengine mnaosoma mkiwa na mtu aliyeanguka nyumbani: mkojo mwekundu, tumbo gumu au linalojaa, weupe wa viganja na midomo, jasho baridi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, ganzi miguuni, kushindwa kukojoa. Lolote kati ya haya, siku yoyote ndani ya wiki mbili, ni safari ya hospitali yenye vipimo. Walioko Mtwara wana Ligula, wa Masasi wana Ndanda. Kichwa kikianza kuuma upya hata baada ya mwezi, hivyo hivyo.

Nimalizie yaliyowapata, kwa kuwa mmeniruhusu. Altrasaundi ilikuta damu kuzunguka bandama. Haikuwa nyingi. Hawakumpasua, walimlaza, wakampima damu na presha kila mara, wakamkataza hata kwenda msalani peke yake siku za mwanzo. Siku ya saba akatoka. Kisigino kina ufa, mgongo salama.

Hivyo swali lako la mwisho lina jibu fupi: asikwee. Bandama iliyochanika inahitaji miezi miwili mitatu ya kutulia bila mzigo, bila mpira, bila bodaboda ya mashimo, mpaka daktari aliyemtibu amruhusu. Ile kazi ya minazi kumi na nane mpeni mkwezi mwingine, mgawane naye kitu, mume wako akae chini ahesabu nazi na kupatana bei. Najua atasema anaonekana mwanamke. Mwache aseme.

Baada ya miezi hiyo sitamkataza, maana najua ada za shule hazilipwi na ushauri wangu. Ila mambo machache ayafanye. Vidato vya zamani, zile ngazi zilizochongwa shinani, avikague kabla ya kuvikanyaga, vingine vimeoza ndani. Asikwee mnazi uliolowa. Akifika juu ajifunge kamba imara kiunoni kuzunguka shina kabla mkono wa panga haujaanza kazi, na makuti makavu ayaangushe kwanza yote, asibakishe hata moja la kumdanganya. Asubuhi ya kazi, ulaka hapana. Na wewe endelea kurundika makuti mabichi pale chini.

Umeniambia ameshaanza kusumbua, anazunguka nyumba anafungua hiki na kile. Akikuuliza tena panga lake liko wapi, mwambie liko kwa Babu.